Kitenzi cha Siku ya Mia

Wengine walipanda ngazi za saluni ya Rolande kutafuta Kiingereza cha mtihani, cha kazi, cha kuhamia Kanada. Maman Bok-hui alipanda kutafuta kitenzi kimoja.

Ilikuwa Jumanne, mvua ya rasharasha imeng'ang'ania Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, tangu juzi, na Mignonne alikuwa anafuta ubao katika chumba alichokodi juu ya saluni. Meza moja, viti sita, harufu ya mafuta ya nywele iliyopanda kutoka chini bila kualikwa, na ukutani diploma yake ya ualimu ndani ya fremu iliyomgharimu zaidi ya viatu vyake. Alizaliwa Butembo, Kiingereza alikipata katika miaka mitatu ya ukimbizi Kampala, na Kiswahili chake alikilinda kama mtu anavyolinda kiti chake cha dirishani.

"Mignonne!" Rolande aliita kutoka chini. "Kuko maman moja wa Corée hapa! Anatafuta professeur. Amelowana yote, masikini!"

"Apande tu, maman!"

Aliyepanda alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, koti la mvua la buluu, nywele zimekatwa mpaka masikioni. Alivua viatu mlangoni akavipanga, ncha zikitazama nje. Kisha akainama mpaka Mignonne, ambaye umri wake ulimtosha kuwa binti yake, akaona haya na kuinama pia.

"Sonsengnim," alisema. Ndivyo Wakorea wanavyomwita mwalimu, na wanalitamka jina hilo kwa heshima nzito. "Mimi, Bok-hui."

"Karibu, maman. Nina kozi ya masomo kumi, na nina ya masomo ishirini."

Mgeni alitikisa kichwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila alichookota alikiweka mezani taratibu. "Kumi, hapana. Neno moja. Siku saba."

Mignonne alitaka kucheka. Akajizuia kwa sababu mwanamke yule alikuwa tayari ametoa daftari na kalamu, na anachora. Alichora mtoto mchanga chali, mikono imefunguka, vidole vimetawanyika. Pembeni akachora mfuniko wa sufuria unaogonga sinki, na mistari ya kelele. Kisha akachora mtoto yuleyule mara ya pili, na mfuniko uleule, na mistari ileile. Safari hii mikono ya mtoto ilikuwa imetulia kando ya mwili. Juu yake akaandika alama ya kuuliza, akaikolezea wino mpaka karatasi ikatoboka.

"Huyu mjukuu wangu," alisema. "Haneul."

Habari yenyewe ilitoka polepole, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono. Binti yake, Su-ah, aliolewa na Antoine, Mbelgiji, na wanaishi hapohapo Ixelles. Nyumbani wao huzungumza Kiingereza. Antoine hajui Kikorea, Bok-hui hajui Kifaransa. Haneul, mtoto wao wa kwanza, alikuwa na siku tisini na tatu. Katika ukoo wa Bok-hui mtoto huhesabiwa siku mia. Mpaka zitimie hatolewi nje ovyo, wageni hawaingii, na nyumba hunyamaza. Hata kabla hajapanda ndege kutoka Daegu, Bok-hui alikuwa ameshaagiza kwa simu: kengele ya mlango izibwe, simu zizimwe sauti, watu wavae ndara laini. Antoine, kwa kumpenda mkwewe, alibandika utepe kwenye kengele siku hiyohiyo.

Halafu ikaja barua ya hospitali. Kipimo cha masikio alichofanyiwa Haneul alipozaliwa hakikutoa jibu zuri. Mara nyingi huwa hakuna jambo, ila arudishwe kirudiwe. Su-ah alimuuliza mama yake. Na mama yake akasema, subirini siku mia.

"Mimi nilisema," Bok-hui alijigonga kifuani kwa kidole. "Mimi."

Siku ya themanini na nne mfuniko ulimponyoka jikoni. Yeye mwenyewe aliruka. Haneul, katika kikapu chake hatua mbili kutoka hapo, aliendelea kutazama taa. Bok-hui akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Akaita jina lake. Mtoto aliitazama taa kama kitu pekee kilichoko duniani.

Alimwambia binti yake kwa Kikorea, wazi kabisa. Su-ah, ambaye tangu ajifungue hakuwa amelala hata usiku mmoja hadi asubuhi, akawaka: Omma, unamtakia mwanangu mabaya? Si wewe unayemsifu kila siku kuwa ni mtoto mpole, hasumbuliwi na kitu? Tangu siku hiyo hawakusemeshana ila kwa mambo ya maziwa na nepi. Ndipo Bok-hui akamgeukia Antoine, akaandika kwenye simu, simu ikatafsiri. Simu ikasema mtoto hashangai. Antoine akatabasamu, akainua dole gumba. Alidhani mtoto anasifiwa.

"Maman," Mignonne alisema kwa upole, "kwa nini usimwambie tu kwamba hasikii? Neno hilo ni rahisi. Nakufundisha sasa hivi, dakika moja."

Bok-hui aliweka kalamu chini.

"Hilo neno la daktari," alisema. "Mimi si daktari. Bibi akisema hilo, linakaa juu ya mtoto. Mimi nataka neno la macho. Kile nimeona. Tu."

Mignonne alikumbuka kwao jinsi watu wazima walivyouzunguka ugonjwa wa mtu kwa maneno ya mbali, wakitaja alivyokula, alivyolala, alivyotembea, lakini jina la ugonjwa wenyewe wakiliachia mwenye koti jeupe. Akaelewa. Pia aliambiwa jambo la mwisho: karatasi za Bok-hui zilimruhusu siku tisini tu Ulaya. Alifika mtoto akiwa na siku kumi na moja. Jioni ya siku ya mia angekuwa uwanja wa ndege. Akiondoka bila kusema, atakuwa ameacha nyuma nyumba iliyonyamaza na mtoto anayesifiwa kwa utulivu wake.

"Sawa," Mignonne alisema, akashika kalamu ya ubao.

Neno lilimjia kwanza kwa Kiswahili, kama mambo yake yote ya maana. Kushtuka. Alijisikia fahari, kisha akaona aibu kuona fahari wakati kama huo, kisha akaamua fahari hiyo itatumika. Maana kwa Kikorea, alivyoeleza Bok-hui, kitenzi kilekile cha *nolada* humbeba aliyepokea zawadi, aliyesikia msiba na aliyepasukiwa na puto. Ukitaka kutofautisha unaongezea neno pembeni, na simu haikuongezea kitu. Kiswahili hakiwalazi hao wote kitanda kimoja. Anayeona mlima wa theluji kwa mara ya kwanza anastaajabu. Anayekuta mlango wake umefunguliwa anashangaa. Aliyepewa habari asiyoweza kuibeba anapigwa na butwaa, anaduwaa, mdomo wazi. Lakini anayeshtuka hajafika hata kwenye kujua. Mwili umekwenda, akili inafuata nyuma ikiuliza kuna nini.

Akaandika ubaoni: *startle*.

"Hili hapa. Huhitaji kufikiri. Hata mtoto wa siku moja analiweza. Hata kuku."

Bok-hui aliliangalia kama mtu anayeangalia daraja jembamba. "Su... ta... tu... li."

"Tena."

"Sutatuli."

"Karibu. Tena, maman."

Waliendelea hivyo karibu saa nzima. Bok-hui alilitamka, akaliandika kwa herufi za kwao, akalifunika kwa kiganja na kulitamka tena. Ulimi ulizidi kunyooka, lakini macho yake yalisema bado hajalishika. Alikuwa na sauti ya neno, hakuwa na neno.

Saa sita ikafika. Chini, Rolande alikuwa anateremsha lango la chuma la saluni ili akale. Lango hilo lilikuwa na tabia yake: hukwama katikati, husukumwa, hutukanwa, kisha huanguka lote kwa mpigo mmoja.

Likaanguka.

Jengo zima lilitikisika. "Omma ya!" Bok-hui alipiga kelele, mikono imemruka hewani. "Mama weee!" Rolande alilia chini, ingawa ndiye aliyeliangusha. Na Mignonne, mwenye diploma, alijikuta amekumbatia ubao na neno "mama" limeshamtoka mdomoni.

Kisha wakatazamana.

"Omma," Mignonne alisema, moyo bado unadunda. "Omma ni nini?"

"Mama," alijibu Bok-hui. "Mama yangu."

"Na mama yako..."

"Amekufa. Miaka ishirini na mbili."

Mignonne aliketi polepole. Mwanamke wa miaka sitini na kitu kutoka Daegu, Rolande msusi wa Lubumbashi, na yeye wa Butembo, katika nukta moja, kabla hata ya kujua kilichoanguka, wote watatu walikuwa wamemwita mama. Hakuna aliyewafundisha. Alihisi nywele za mikono zikimsimama, kama siku ile utotoni alipoambiwa kwamba mwezi anaouona yeye ndio huohuo wanaouona watu wa Bukavu.

"Maman Bok-hui," alisema. "Hicho ulichofanya sasa hivi. Hicho ndicho."

Bok-hui alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa wazi hewani, vidole vimetawanyika. Ilikuwa vilevile kama ya mtoto wa mchoro wa kwanza. Akaishusha.

"*Startle*," alisema. Likatoka zima.

Ndipo Mignonne akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote Brussels, kwa sababu hakuwahi kuona kama lina thamani. Kwao, siku mzazi alipotoka chumbani na mtoto, koko yake, bibi mzaa baba, aliingia na mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Aligonga mara moja, hewani, karibu na kichwa cha mtoto. Mikono ya mtoto ikaruka, ikafunguka, ikatafuta pa kushika, na wanawake wakapiga vigelegele. "Anamutafuta mama yake! Amefika! Mutoto amefika!" Ndipo chai ikamiminwa. Mignonne alikuwa na miaka saba. Alidhani ni utani tu wa wazee.

Bok-hui alisikiliza mpaka mwisho.

"Ninyi mnagonga," alisema. "Sisi tunanyamaza."

"Kila mtu na kwao, maman."

"Ndiyo. Lakini mimi nimenyamaza sana."

Rolande akapanda na birika la chai kuomba msamaha wa lango. Alipoambiwa somo ni lipi alicheka mpaka akakaa chini. "Bon, alors mumusumbulie nini na ile Kiingereza? Kwetu tunasema kushituka. Ku-shi-tu-ka, maman."

"Kushituka," alisema Bok-hui, bila kujikwaa hata kidogo.

"Voilà! Ona! Huyu ni muntu wa Lubumbashi kabisa!"

"Maman Rolande, usiniharibie mwanafunzi. Ni kushtuka."

"We tuliza roho, professeur. Mimi mu saa moja namufundisha kuliko wewe mu mwaka."

Bok-hui alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alipokuwa anavaa viatu, Mignonne alijitolea kwenda kumwambia Antoine yeye mwenyewe. Kiingereza chake hakikwami. Bok-hui alikataa. Mlango aliufunga yeye, atafungua yeye. Ila aliomba jambo moja: siku ya mia, saa nne asubuhi, Mignonne aje aketi karibu naye. Neno likimkimbia, amkamatie.

Jumanne iliyofuata Mignonne alipanda orofa ya tatu katika mtaa mdogo unaotoka Chaussée d'Ixelles. Utepe ulikuwa bado juu ya kengele. Aligonga kwa kidole kimoja, kama alivyoelekezwa, na Antoine akamfungulia akiwa na soksi tu, mrefu, mwenye uso wa mtu mwema aliyechoka. Alifurahi kumwona mwalimu wa mkwewe. Alizungumza kwa kunong'ona, na Mignonne akajikuta ananong'ona pia. Nyumba hiyo iliteremsha sauti ya kila aliyeingia.

Mezani kulikuwa na keki nyeupe ya mchele, bila sukari nyingi, na vidonge vya mtama vilivyoviringishwa katika maharage mekundu. Mtama! Mignonne alikaribia kuuliza umepatikana wapi. Su-ah alimsalimia kwa adabu, macho mekundu, bila kumtazama mama yake. Na Haneul alikuwa amewekwa katikati ya yote, amevishwa kigauni cha rangi, mashavu kama maandazi yaliyoumuka, anatazama dirisha. Kwa Kikorea, Antoine alieleza kwa fahari, jina lake maana yake ni anga.

Walipiga picha. Walikunywa kahawa. Mlangoni sanduku la Bok-hui lilikuwa limesimama, limefungwa. Mignonne alimwona mwanamke yule akimeza mate, akifungua mdomo, akiufunga. Mara mbili. Mara ya tatu Mignonne aliegemea karibu, lakini Bok-hui akamzuia kwa kiganja. Akasimama.

"Antoine," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona. Kila mtu akageuka. "Nakuambia kile nimeona. Mtoto hafanyi *startle*."

Antoine alisimamisha kikombe karibu na mdomo bila kunywa. Tabasamu lake lilianza, likasita. Neno hili halikuwa la simu. Halikuwa sifa.

"Omma," Su-ah alisema. "Hapana. Si leo."

Bok-hui aliingiza mkono katika mkoba. Akatoa mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma, akavishika hewani, nyuma kidogo ya kichwa cha mjukuu wake, na akagonga kwa nguvu zote za mikono iliyofunga milango siku mia.

Kahawa ya Antoine ilimwagika hadi kwenye keki. Mignonne, ambaye alijua kinachokuja, aliruka vilevile. Na Su-ah, ambaye kwa siku kumi na sita hakuwa amemsemesha mama yake neno la moyo, alilia kwa sauti ya mtoto: "Omma ya!"

"Nipo," alijibu mama yake. Alijibu kwa Kikorea, lakini hakuna aliyehitaji tafsiri.

Haneul alikuwa bado anatazama dirisha. Kisha mwanga uliotoka kwenye mfuniko ukatembea darini, akaufuata kwa macho, akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu zuri mno. Watu wanne wazima walisimama wakilitazama, moyo wa kila mmoja unagonga masikioni mwake, na katikati yao mtoto alikuwa ametulia kama maji ya kisimani. Mignonne alikuwa na maneno yake yote: kustaajabu, kuduwaa, kupigwa na butwaa. Hakuna lililotosha. Aliona tu kwamba yupo mbele ya mtu anayeishi katika dunia nyingine, siku mia sasa, peke yake, na ameweza kutabasamu huko.

Antoine alichukua mfuniko kutoka mkononi mwa mkwewe. Akagonga mwenyewe, taratibu. Akagonga kwa nguvu. Akazunguka upande wa pili, akagonga tena. Kisha akauweka juu ya meza kana kwamba ni wa kioo, akaenda kwenye droo, akarudi na barua.

"Mimi nilisema subirini," Bok-hui alimwambia. "Mimi. Si Su-ah."

Antoine alimgeukia, barua mkononi. "Na wewe ndiye uliyesema sasa," alijibu.

Su-ah alikuwa amemnyanyua mtoto na kumbana kifuani. Mama yake aliwakumbatia wote wawili kwa mikono yake mifupi, akaimba kitu cha chini sana, mdomo umegusa paji la uso wa Haneul, mahali ambapo sauti huingia kwa ngozi. Mignonne alichukua koti lake, akatoka kimya. Nje ya mlango alisimama mbele ya kengele, akafikiri, akaubandua utepe. Akaukunja, akautia mfukoni.

Jioni Bok-hui alipanda ndege kama karatasi zake zilivyoamuru. Alhamisi Antoine na Su-ah walikuwa hospitali.

Mwezi wa nne tangu siku hiyo, Jumamosi moja ya jua, Rolande aliita kutoka chini kwa sauti ya kupasua dari. "Mignonne! Muntu wa Lubumbashi amerudi! Na hakuje peke yake!"

Walikuwa saluni, wote watatu: Bok-hui katika koti lilelile la buluu, Su-ah, na Haneul mkononi mwake, sasa mtoto mkubwa anayekaa wima na kutaka kushika kila hereni. Nyuma ya kila sikio lake kulikuwa na kifaa kidogo chekundu. Wiki ya tatu sasa, Su-ah alieleza. Madaktari wamesema anasikia kidogo, na kidogo hicho kinakuzwa. Mengine yatajulikana baadaye. Hugeuka akiitwa jina? Mignonne aliuliza. Hapana. Mpaka sasa anatazama tu, hawajui kama sauti inamfikia.

"Asseyez-vous, mukae, mukae," Rolande aliwavutia viti. "Ngoja nifunge kidogo, bila vile wateja watatusumbua."

"Maman Rolande, lile lango..." Mignonne alianza.

Lilikuwa limekwama katikati. Rolande alilisukuma. Alilitukana. Likaanguka lote.

Wanawake wanne waliita mama zao kwa lugha mbili. Na Haneul akaruka. Mikono yake miwili ilipaa, ikafunguka, vidole vikatawanyika kama katika mchoro, mdomo ukapinda, na kutoka humo kikatoka kilio cha hasira kubwa, huku mikono inatafuta, inatafuta, mpaka ikashika kola ya Su-ah na kukataa kuiachia.

Su-ah hakumbembeleza. Alimtazama tu, machozi yanateremka, anacheka.

"Kushituka!" Bok-hui alipiga kelele, anaruka na viatu vyake juu ya sakafu ya Rolande. "Kushituka! Kushituka!"

Mignonne, ambaye husahihisha hata mabango ya kanisani, hakusahihisha. Aliweka ulimi juu na kupiga kigelegele kirefu cha Butembo, Rolande akakidaka na kukipeleka mbele, na mtoto akaacha kulia katikati ya pumzi. Aligeuza kichwa. Akawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mahali kile kitu kinapotoka.